Matambara Yasiyochakaa

Kitu cha kwanza Tami alichokiona katika nyumba ya wakwe zake kilikuwa njia. Haikuwa njia ya kwendea kisimani wala ya kupitia farasi. Ilikuwa ndani ya nyumba, juu ya sakafu ya mbao: ukanda mmoja uliong'aa kama tumbo la samaki, kutoka kizingitini hadi kwenye mkeka wa mgeni kando ya shimo la moto. Kulia na kushoto kwa ukanda huo mbao zilikuwa na rangi ya masizi. Tami alikuwa amekaa na nguo za harusi, macho chini kama ilivyompasa bibi harusi, na anayetazama chini huona mambo ambayo wanaotazama mbele hawayaoni. Akaelewa kwamba nyumba hii husafishwa mpaka pale macho ya mgeni yanapoishia.

Akaliweka moyoni. Tami alikuwa mtu wa kutosema. Shuleni alifika darasa la tatu, akatolewa akalee wadogo zake. Baba yake alipokwenda kumwarifu mwalimu kwamba Tami hatarudi tena, mwalimu aliinua kichwa kwenye daftari lake akauliza, "Tami yupi?"

Sasa, huko Oginosawa, kama katika vijiji vyote vya bonde lile, bibi harusi haendi kwa mume mikono mitupu. Huenda na matambara kumi ya kupigia deki, aliyoyashona kwa mkono wake. Kule kwenye theluji pamba haioti, na nguo haitupwi. Huanza maisha yake ikiwa nguo ya sherehe, ikizeeka huwa koti la shambani, ikifa huwa tambara. Vipande vya katani vilivyochovywa nili hupangwa kimoja juu ya kingine, vikapigwa bandi kwa uzi mweupe mpaka vishikane: hiyo ndiyo sashiko. Msichana mwenye mkono mzuri huipanga mishono yake ikawa majani, mawimbi, au magamba ya samaki.

Na matambara hayo yana kazi mbili. Ya kwanza kila mtu huitaja, nayo ni kusafisha sakafu ya ukweni. Ya pili haitajwi, ila hakuna mwanamke asiyeijua. Matambara yakichakaa, mkamwana huyafunga kwenye furushi akarudi nayo kwao, akakaa siku kumi na mama yake wakiyashona upya. Ruhusa nyingine hakuna. Mkamwana anayetaka kwenda kwao kwa sababu amewakumbuka watu wake ni mvivu. Anayekwenda kwa sababu matambara yamekwisha ni hodari, na majirani humsindikiza hadi darajani wakimsifu. Moyo haufungwi kwenye furushi, kwa hiyo hauhesabiwi.

Siku ya tatu baada ya harusi, mama mkwe wake, Bi Tokuno, aliwaita majirani ili alifungue furushi la Tami mbele yao. Alilifungua taratibu, kama mtu anayemenya yai.

"Hee!" alisema. "Hee, jamani! Hebu oneni!"

Masue, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisogea huku akijifanya hana haraka.

"Sogea vizuri, Masue, macho yako mabovu," Bi Tokuno alimwambia. "Haya ni majani ya katani. Haya magamba. Na hili, angalia, punje za mchele! Kila mshono punje moja!"

"Macho yangu mazima," Masue alijibu. "Ni moyo tu umenishtuka."

"Mkamwana wako yeye alileta nini vile?" Bi Tokuno aliuliza, kama mtu aliyesahau.

"Si matambara?"

"Aa, yale! Basi niwie radhi, shoga. Mimi siku zote nilidhani kuku walipita wakaacha nyayo."

Wanawake walicheka. Yone, mkamwana mwenyewe wa Masue, alikuwa amekaa nyuma yao akitafuna kipande cha figili ya chumvi. Naye alicheka, tena kuliko wote, na Tami akashangaa.

Jioni ile Bi Tokuno alitoa tamko.

"Matambara haya hayagusi sakafu."

"Ila mama," alisema mwanawe, Eikichi, mume wa Tami, "si ni matambara?"

"Na wewe si mtoto wangu? Mbona sikutumi kuvuta jembe?"

Eikichi akarudi kwenye supu yake. Alikuwa kijana mwema, mwenye mabega ya kubeba magunia mawili na ulimi usioweza kubeba neno moja. Matambara kumi yakapangwa kwenye mti wa mwanzi, yakatundikwa kwenye ukuta wa ndani, pale ambapo mwanga wa dirisha huanguka asubuhi.

Basi watu walikuja. Walikuja kutoka mtaa wa juu na mtaa wa chini, wakakaa kwenye mkeka wa mgeni, wakanywa chai, wakatazama ukuta. Walipokuja na soksi zilizolowa theluji waliacha maji, na maji yakachanganyika na majivu. Kila walivyozidi kuja kuyasifu matambara ya deki, ndivyo sakafu ilivyozidi kuchafuka.

Tami aliuliza kwa sauti ndogo apigie deki nini.

Bi Tokuno alifikiri kidogo, kisha akafungua kasha la marehemu mumewe. "Chukua hili winda lake, alilokuwa akijifunga kiunoni. Kitambaa kizuri bado. Alikuwa mtu wa kazi, hatalikataa."

Hivyo marehemu baba mkwe, aliyelima miaka hamsini na kudhani kwamba kaburini angepumzika, akarudishwa kazini. Kila alfajiri Tami alipiga magoti, akalisukuma winda lake kutoka kizingitini hadi kwenye mkeka wa mgeni. Ukanda ule tu. Zaidi ya hapo winda lingeweza kuchanika, na kasha halikuwa na la pili.

Siku moja katikati ya baridi alikutana na Yone kijitoni. Yone alikuwa na furushi mgongoni na mashavu mekundu ya furaha.

"Unakwenda wapi na theluji hii?" Tami aliuliza.

"Nyumbani. Matambara yangu yamekwisha."

"Tena? Si ulikwenda msimu wa mavuno?"

"Mara ya pili hii, na nikijaliwa kabla ya kupanda mpunga nitakwenda ya tatu." Yone aliinama karibu. "Wewe unaningoja nikuambie nini? Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi vibaya vyangu vinanitembeza! Nilishona vibaya makusudi, shoga. Mshono mmoja hapa, mwingine kule, uzi umelegea kama mkanda wa mlevi. Ukilisukuma tambara mara tatu linaachana. Kila mama mwenye akili humfunza bintiye hivyo. Kwani mama yako hakukuambia?"

Tami aliinama, akakung'uta theluji iliyokuwa haipo kwenye aproni yake.

"Labda alisahau," alisema.

"Maskini," alisema Yone, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Akaenda zake.

Mwezi wa tatu ulipofika, theluji ya paa ikaanza kudondoka na njia ya mlimani ikafunguka. Mtu wa kwanza kuivuka alikuwa Bi Ose, mwanamke anayeuza samaki wa chumvi. Aliweka kapu chini mlangoni, akanywa maji ya moto, akasema kama anayetaja bei:

"Mama yako wa Tochikubo anakusalimu. Macho yake, ehe. Kushoto kumeshazima. Kulia anaona watu kama anavyoona moshi. Anasema, mwambie Tami asiharakishe, ila asichelewe."

Tami alinunua samaki mmoja, akazihesabu pesa zilezile mara tatu, hadi Bi Ose akampa na samaki wa pili bure.

Usiku alimnong'oneza mumewe. Eikichi alimwahidi kwamba kesho atamwambia mama yake. Kesho alimwambia mama yake kwamba mwaka huu mvua itawahi. Kesho kutwa alimwambia kwamba farasi anakohoa. Siku ya tatu, akiwa ameshaingia mlangoni na neno likiwa tayari kinywani, aliulizwa, "Nini?" akajibu, "Hakuna." Mwishowe alilisema akiwa nje, akipasua kuni, amegeuza mgongo.

"Aende kwao?" Bi Tokuno alishangaa. "Na nini? Matambara yako ukutani, mapya kabisa! Akipita darajani na furushi tupu watu watasema nini? Watasema ama nyumba hii haipigwi deki, ama mkamwana wangu hafanyi kazi. Siwezi kumwaibisha mtoto wa watu hivyo. Nampenda."

Na alikuwa anampenda kweli. Hilo ndilo lililomchosha Tami. Angekuwa na mama mkwe mkali, mwenye kumdharau, matambara yake yangekuwa sakafuni tangu siku ya kwanza, naye angekuwa ameshafika Tochikubo na kurudi.

Alfajiri iliyofuata alitungua tambara moja, lenye punje za mchele, akaenda nalo kijitoni. Alilisugua kwenye jiwe. Alilipiga kwa gogo. Alilivuta kwa meno. Maji ya theluji yaliyakata vidole vyake, lakini uzi haukukatika hata mmoja. Alilirudisha tambara ukutani, likiwa limelowa. Bi Tokuno alipoamka alilishika tambara, akalipapasa, akaita:

"Tami! Njoo ushike! Limelainika peke yake! Kitu kizuri huzidi kuwa kizuri kikitazamwa!"

Akalihamisha katikati ya mwanzi, mahali pa heshima.

Miaka ile serikali ilikuwa imegundua kwamba magonjwa hutoka kwenye vumbi, na baada ya kugundua hivyo iliajiri watu wa kulitafuta. Kila majira ya kuchipua Bwana Afya alifika kijijini, amevaa glavu nyeupe na soksi nyeupe, na daftari kwapani. Nyumba iliyofaulu ilibandikwa mlangoni karatasi yenye muhuri. Iliyofeli ilisomwa jina mbele ya ofisi ya kijiji, na jina hilo liliimbwa na watoto hadi mavuno. Mwaka jana Bi Tokuno alifaulu, maana Bwana Afya alipita kwenye ukanda, akakaa mkekani, akanywa chai, akatoka kwa ukanda uleule.

Safari hii aliingia, na majirani nyuma yake wakijazana mlangoni, Masue mbele. Alivua viatu, akakanyaga ukanda, akapitisha kidole cha glavu juu ya ubao. Kidole kilibaki cheupe. Kisha akainua macho.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ya mkamwana wangu, Bwana Afya." Bi Tokuno aliinama mpaka paji likagusa mkeka. "Ni matambara ya deki tu, hayana maana."

"Hayana maana! Bibi, nimekagua nyumba mia mbili. Nyumba yenye matambara namna hii haina haja ya kukaguliwa." Alikwishachomoa kalamu. Bi Tokuno alimtupia Masue jicho. Kisha Bwana Afya akasema, "Hebu niyaone karibu," na akashuka kwenye ukanda kama mtu anayeshuka kwenye daraja.

Hatua saba hadi ukutani. Aliyatazama majani, magamba, punje. Alitikisa kichwa kwa furaha. Hatua saba kurudi. Na alipokanyaga tena ukanda ule unaong'aa, ukabaki unyayo mweusi, wa pili, wa tatu, zote zimepigwa vizuri kama muhuri.

Watu wote waliinamisha shingo kuzitazama.

"Loo," alisema Masue pale mlangoni. "Leo kuku wamepita huku."

Bwana Afya aliinua mguu mmoja akatazama unyayo wake, akaushusha. Akainua wa pili.

"Bibi," aliuliza polepole, "nyumba hii mnapigia deki nini?"

Bi Tokuno alianza kuuvuta mkeka ufunike nyayo. Eikichi alitazama boriti. Na hapo ikasikika sauti ndogo ambayo majirani wengi walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Winda la marehemu baba, bwana."

Kicheko kilichotoka mlangoni kiliangusha theluji ya mwisho iliyokuwa pembeni mwa paa. Bwana Afya hakucheka. Serikali ilikuwa haijaagiza. Alifunga kalamu.

"Nakwenda kukagua kwa jirani, nikinywa chai nitarudi. Nikikuta sakafu iko hivi, karatasi hakuna."

Alipotoka tu Bi Tokuno akaruka. "Tami! Winda!"

"Lilichanika jana, mama. Limebaki kamba."

"Basi tafuta... tafuta kitu!" Aligeuka huku na huku katika nyumba ambayo kila kipande cha nguo kilikuwa mwilini mwa mtu. Macho yake yakasimama ukutani. Akameza mate. "Toa moja. Moja tu. Lile baya kuliko yote."

Tami alisimama mbele ya mwanzi, akayatazama yote kumi, moja moja.

"Baya hakuna, mama."

Na kusema kweli halikuwepo. Wakatungua yote. Wakapiga magoti watatu kwa safu, Tami, Eikichi na Bi Tokuno mwenyewe, aliyekuwa hajapiga deki tangu alipopata mkamwana, wakayasukuma matambara mbio kutoka ukuta hadi ukuta. Majani ya katani yalikula masizi. Magamba yakala majivu ya miaka. Ndoo ya kwanza ikawa wino, ya pili ikawa wino, ya tano ikawa chai. Njia ile ndani ya nyumba ikatoweka, kwa sababu sakafu yote ilikuwa njia. Bwana Afya aliporudi alipitisha glavu pembe nne, akabandika karatasi yake mlangoni, akaondoka na soksi zake mkononi.

Bi Tokuno alikaa chini akihema. Matambara yalikuwa yamefuliwa, yako kambani, uzi mweupe umekuwa wa kijivu. Alilishika moja akalichunguza kwenye mwanga.

"Ajabu!" alisema, na fahari ikaanza kumrudia taratibu. "Kazi yote ile, hata uzi mmoja haujakatika! Tami, yakikauka yatundike tena. Tutatafuta winda jingine."

Hapo ndipo Tami, ambaye siku ile alikuwa ameshasema mara tatu, aliona kwamba kusema mara ya nne hakutamuua.

"Mama," alisema, "nataka kwenda kwetu. Mama yangu anapofuka."

"Na matambara mazima hivi?"

"Na matambara mazima hivi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema yamechakaa, mama. Ukisema wewe."

Bi Tokuno alimtazama kama mtu aliyegundua kwamba kasha lake lina droo ya siri. Lilikuwa jambo la kufikiriwa. Uongo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa uongo wa heshima, na msema uongo angekuwa yeye mwenyewe, si mtu mwingine.

"Masue atachungulia furushi," alisema.

"Nitalifunga sana."

"Utafunga wewe? Lete hapa." Akalifunga mwenyewe, mafundo matatu. Ndani yake matambara tisa; la kumi, lenye punje za mchele, alilirudisha ukutani, akasema sakafu haiwezi kubaki hivihivi siku kumi, ingawa haikueleweka tambara la ukutani lingeisaidia vipi. Asubuhi yake alisimama mlangoni, chini ya karatasi yenye muhuri, akapaza sauti mpaka mtaa wa chini ukasikia:

"Yamekwisha kabisa! Mkamwana huyu anapiga deki kama anagombana na sakafu! Uzi haukubaki! Mwacheni apite!"

Majirani walimsindikiza hadi darajani wakimsifu. Masue alilibonyeza furushi kwa kidole, akaguna. Yone alimkonyeza.

Tami alivuka mlima kutwa nzima. Alipofika Tochikubo jua lilikuwa bado liko juu ya miti ya misonobari. Mama yake alikuwa amekaa nje mlangoni, uso ameuelekeza kwenye njia, na alipoisikia hatua alisema, "Unavuta mguu wa kushoto. Umechoka," kabla Tami hajasema lolote. Alimpapasa uso, kipaji, masikio, akacheka peke yake kwamba amenenepa. Kisha akaomba furushi.

Mafundo ya Bi Tokuno yalimtoa jasho. Alilitandaza tambara la kwanza magotini, akapitisha vidole juu ya mishono, safu baada ya safu. Macho hayakuwa na kazi tena, lakini vidole vile vilikuwa vimefunza nusu ya kijiji kushona. Vikaenda, vikarudi, vikasimama.

"Hili zima," alisema. Akachukua la pili. "Na hili." La tatu. "Tami. Kaza moja ili wakusifu, tisa uyalegeze ili nikuone. Sikukuambia? Labda nilisahau. Siku hizi nasahau."

Tami angeweza kumwacha aamini hivyo. Yone alikuwa ameshamwacha aamini hivyohivyo. Alivishika vidole vya mama yake juu ya uzi ule uliokazwa.

"Hukusahau, mama. Uliniambia, nami nilisikia. Nilikaza yote kumi makusudi. Nilitaka nikifika kule, asiwepo hata mtu mmoja wa kuuliza Tami yupi."